Mihadhara ya wazi kuhusu Marekani pale Oxford: mwongozo kamili wa kuhudhuria, kuelewa na kuuliza

Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa nikipita South Parks Road kila asubuhi kwenda kazini, nikijua kabisa kwamba nyuma ya Rhodes House kuna jengo la vioo liitwalo Rothermere American Institute. Nilisikia kwamba huko hufanyika mihadhara kuhusu Marekani, lakini sikuwahi kuingia. Chuo Kikuu cha Oxford kilinitia woga. Niliona ni mahali pa wenyewe. Mpaka siku moja mama mmoja wa Kisumu niliyekuwa nikifanya naye kazi akaniuliza, "Kwani nani amekukataza?"

Hakuna aliyenikataza. Sehemu kubwa ya mihadhara ile ni ya wazi na ya bure: anaingia mwanafunzi, dereva wa basi, muuguzi, mstaafu, yeyote. Tangu hapo nimeshahudhuria mara nyingi, na nimewapeleka Waswahili wenzangu wa Oxford, Reading na London. Maswali wanayoniuliza kabla ya kwenda ni yaleyale, ndiyo maana nimeona bora niyaandike yote mahali pamoja.

Kwanza, ujue unakokwenda

Taasisi hii ni kituo cha Chuo Kikuu cha Oxford cha kusomea historia, siasa, na fasihi ya Marekani. Jengo lake lilifunguliwa Mei 2001 na Bill Clinton, ambaye mwenyewe aliwahi kusoma Oxford kwa ufadhili wa Rhodes. Ndani yake mna Maktaba ya Vere Harmsworth, tawi la Bodleian, yaani maktaba za chuo hicho, linalohusika na Marekani. Vitabu vyake vingi vilikuwa Rhodes House kabla ya jengo jipya kukamilika.

Masomo ya Marekani yenyewe ni ya zamani kuliko jengo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, tajiri wa magazeti Lord Rothermere alitoa fedha za kuanzisha uprofesa wa historia ya Marekani, kwa kumbukumbu ya mwanawe aliyekufa kutokana na vita hivyo. Profesa wa kwanza, Samuel Eliot Morison, alifika mwaka 1922. Hadi leo kila mwaka anakuja mwanahistoria mwingine kutoka Marekani kushika kiti hicho, na miongoni mwa kazi zake ni kutoa mhadhara mmoja mkubwa mbele ya watu wote. Ukipata nafasi ya kwenda mara moja tu kwa mwaka, uchague huo. Mtu hapewi kiti kile bila kubobea, na siku ile anazungumza kwa ajili ya watu wa kila aina.

Hatua ya 1: Tofautisha aina za mikutano

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Mtu anakwenda mara ya kwanza, anaangukia mkutano usio wake, anatoka akisema "hayo mambo ya wasomi siyawezi." Kumbe alikosea mlango tu.

Mhadhara wa wazi ni mtu mmoja anayezungumza dakika 40 hadi 50, kisha maswali. Lugha yake ni ya watu wote. Mazungumzo ya kitabu yanafanana nao, ila mwandishi anakaa na mtu mwingine anayemhoji, na mara nyingi ndiyo rahisi zaidi kufuatilia. Jopo ni watu watatu au wanne, kwa kawaida kuhusu jambo la wakati huo kama uchaguzi au hukumu ya Mahakama ya Juu. Linachangamka, lakini kila mmoja anapata dakika chache, kwa hiyo usitegemee kina.

Semina ya utafiti ni kitu kingine. Msomi anasoma kazi ambayo haijachapishwa, na waliokaa mezani ni walimu na wanafunzi wa shahada za juu wanaoijua mada hiyo vilivyo. Kwenye tangazo la namna hiyo angalia kama wageni wanaruhusiwa. Wakiruhusiwa, nenda ukasikilize, ila usifanye huo kuwa mkutano wako wa kwanza. Kongamano la siku mbili nalo lina ada mara nyingine, na unaweza kuchagua kipindi kimoja tu ukaondoka.

Hatua ya 2: Jifunze kusoma kalenda yao

Oxford ina mihula mitatu, kila mmoja wa wiki nane tu: Michaelmas kuanzia Oktoba hadi mapema Desemba, Hilary kuanzia Januari hadi Machi, na Trinity kuanzia mwisho wa Aprili hadi Juni. Nje ya wiki hizo mihadhara hupungua sana. Ukiamka Agosti ukitafuta cha kuhudhuria, utakuta kimya.

Jambo la pili: matangazo mengi hayaandiki tarehe peke yake, yanaandika wiki. Utasoma "Jumanne, wiki ya 3" ukabaki unakuna kichwa. Hesabu ni hii: wiki ya Oxford inaanza Jumapili. Muhula wa Michaelmas wa mwaka 2025 ulianza Jumapili ya tarehe 12 Oktoba. Basi wiki ya 3 ilianza tarehe 26, na Jumanne yake ikawa tarehe 28 Oktoba. Andika Jumapili ya kwanza ya muhula kwenye simu yako, mengine yote utayahesabu mwenyewe.

Mfano huohuo una mtego mwingine. Jumapili ile ya tarehe 26 Oktoba ndiyo Uingereza ilirudisha saa nyuma. Mwenye kuhudhuria kwa mtandao akiwa Dar es Salaam au Nairobi, mhadhara wa saa kumi na moja jioni ya Oxford alikuwa akiusikiliza saa moja jioni. Kuanzia wiki ile ukahamia saa mbili usiku. Kwa aliyeko Muscat ukawa saa tatu usiku. Ndugu zangu wawili walikosa mhadhara mzima kwa sababu hiyo. Kila mwisho wa Oktoba na mwisho wa Machi, hesabu upya.

Na ukimtumia mtu wa nyumbani taarifa, andika saa zote mbili. "Saa 5" kwa Mswahili ni karibu na adhuhuri, au ni usiku wakati watu wanaingia kulala. Mimi naandika hivi: saa kumi na moja jioni, yaani 17:00 ya Uingereza.

Muhula gani ni bora? Kwangu mimi ni Michaelmas. Uchaguzi wa Marekani hufanyika Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo kila mwaka wa uchaguzi muhula huo unajaa majopo kabla na baada ya kura. Trinity ni mzuri kwa hali ya hewa, lakini wanafunzi wako kwenye mitihani.

Hatua ya 3: Jisajili, na ukishindwa kwenda ufute

Jiunge na orodha ya barua pepe ya taasisi mwanzoni mwa muhula. Ratiba inakufuata yenyewe. Mihadhara mikubwa inataka ujisajili hata kama ni bure, kwa sababu ukumbi una viti vya kuhesabika. Utaulizwa jina, barua pepe, na pengine unakotoka kikazi au kimasomo. Kama huna chuo, andika kazi yako ya kweli au "mwananchi". Hakuna atakayekurudisha mlangoni kwa hilo.

Kama una mahitaji maalumu, mathalani unatumia kiti cha magurudumu au husikii vizuri, waandikie siku kadhaa kabla. Na ukijua hutafika, futa nafasi yako. Tiketi ya bure nayo ina thamani: mtu mwingine anaingojea.

Hatua ya 4: Jiandae jioni moja kabla

Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo tofauti ilipo kati ya aliyeelewa na aliyesinzia. Mzungumzaji anadhani hadhira yake inajua misingi fulani, na hatasimama kuieleza. Misingi yenyewe haizidi ukurasa mmoja wa daftari, na mimi nina ukurasa wangu ambao nimeunakilia watu wengi.

Kuhusu serikali: Bunge lao lina mabaraza mawili, Seneti yenye watu 100, wawili kwa kila jimbo bila kujali ukubwa wake, na Baraza la Wawakilishi lenye watu 435, wanaogawanywa kwa idadi ya wakazi. Rais hachaguliwi moja kwa moja kwa jumla ya kura za nchi. Anachaguliwa na wajumbe 538 wanaotoka majimboni na katika mji mkuu, naye anahitaji 270. Ndiyo maana mtu anaweza kupata kura nyingi za wananchi akashindwa, kama ilivyokuwa mwaka 2000 na 2016. Mahakama ya Juu ina majaji 9, na wanakaa maisha. Seneti kwa kawaida inahitaji kura 60 kufunga mjadala, na kanuni hiyo ndiyo inayokwamisha miswada mingi utakayosikia ikitajwa.

Kuhusu historia: uhuru ulitangazwa 1776. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipiganwa 1861 hadi 1865. Marekebisho ya 13 ya Katiba yalifuta utumwa mwaka 1865, ya 14 yakatoa uraia na ulinzi sawa wa sheria mwaka 1868, ya 15 yakakataza kumnyima mtu kura kwa rangi yake mwaka 1870. Miaka ya baada ya vita hadi 1877 wanaiita kipindi cha ujenzi mpya, na wanahistoria hawachoki kubishana juu yake. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ilipiga marufuku ubaguzi katika shule za umma. Sheria ya haki za kiraia ikaja 1964, ya haki ya kupiga kura 1965. Wanawake walihakikishiwa kura na marekebisho ya 19, mwaka 1920.

Ukiwa na haya kichwani, mzungumzaji akisema "baada ya 1877" au "kura 60" hutapotea. Zaidi ya hapo soma kitu kimoja kifupi cha mzungumzaji mwenyewe: makala ya gazeti, mahojiano, au dibaji ya kitabu chake. Usijilazimishe kusoma kitabu kizima.

Hatua ya 5: Kufika

Anwani ni 1A South Parks Road. Kutoka London kuna treni za Paddington na za Marylebone, kiasi cha saa moja, au basi la Oxford Tube kutoka Victoria ambalo ni nafuu lakini hukawia kwenye foleni. Ukishuka stesheni ya treni, pita George Street na Broad Street hadi mwisho, pinda kushoto Parks Road, ukimaliza ukuta wa chuo cha Wadham pinda kulia. Rhodes House ni lile jengo la mawe lenye kuba kwenye kona. Taasisi iko nyuma yake. Kwa mguu ni kama dakika 25. Usije na gari. Maegesho ya Oxford yatakumalizia hela na furaha yako yote.

Kwa Waislamu: mwezi Desemba jua linazama Oxford karibu saa kumi jioni, kwa hiyo Magharibi inakuwa imeingia kabla ya mhadhara wa saa kumi na moja. Mwezi wa Juni ni kinyume, jua linazama baada ya saa tatu usiku. Oktoba ndiyo yenye mtihani, kwa sababu Magharibi inaweza kuingia katikati ya maswali. Kaa karibu na mlango, toka taratibu. Hakuna atakayeona vibaya.

Fika dakika kumi mapema. Oxford ina mila ya zamani ya kuanza dakika tano baada ya saa kamili, lakini si kila mkutano unaifuata.

Hatua ya 6: Ukumbini

Kaa katikati, usikimbilie nyuma. Mwenyekiti atamtambulisha mgeni, mara nyingine kwa kirefu. Zima mlio wa simu, na usirekodi bila kuuliza. Kuna mikutano ambayo unaruhusiwa kutumia uliyosikia ila usitaje nani kasema. Ikitangazwa hivyo, heshimu.

Andika mambo matatu tu: hoja kuu ya mzungumzaji kwa sentensi moja, ushahidi mmoja uliokugusa, na jambo moja usilolikubali au usilolielewa. Hilo la tatu ndilo swali lako.

Hatua ya 7: Uliza swali

Waswahili wenzangu, hapa ndipo tunaponyamaza, na inaniuma kila ninapoiona. Tunakaa saa nzima, tunaelewa, tuna la kusema, kisha tunatoka tukiulizana nje. Tumelelewa kutomkatiza mkubwa, na ni malezi mema. Lakini mle ndani kuuliza ndiko kumheshimu mzungumzaji. Mtu aliyesafiri kutoka Marekani anataka kusikia jambo ambalo hakuweza kulisikia kwao.

Nasi tunalo. Chukua neno moja tu: merikani. Bibi zetu waliita hivyo kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kwa sababu kilitoka Marekani. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakikileta Unguja kwa majahazi yao makubwa na kuondoka na pembe za ndovu, karafuu na sandarusi. Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, alifunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1840 meli yake Sultana ilitia nanga New York ikiwa na mjumbe wake, Ahmad bin Na'aman. Pembe zetu zilikwenda Connecticut zikawa vibonyezo vya piano. Na pamba ya merikani ile, iliyovaliwa mpaka Tabora na Ujiji, ililimwa Kusini mwa Marekani na watu waliokuwa watumwa.

Sasa mzungumzaji akizungumzia viwanda vya nguo vya Massachusetts au vita vya 1861, una swali ambalo pengine hakuna mwingine mle ndani aliyekuja nalo. Mimi nililiuliza hivi, kwa Kiingereza changu cha kawaida:

"Asante kwa mhadhara. Umeonyesha jinsi vita vilivyokata pamba kwa viwanda vya Uingereza. Afrika Mashariki nguo ya Marekani ilikuwa ndiyo fedha ya misafara, na vita vilipoanza ikaadimika, nguo za Uingereza na Bombay zikachukua nafasi yake. Je, wenye viwanda wa Massachusetts walilichukuliaje soko hilo walilolipoteza?"

Tazama umbo lake: shukrani, jambo moja alilosema yeye, jambo moja unalolijua wewe, kisha swali. Sekunde 30. Liandike kabla ya kunyoosha mkono na ulisome kama lilivyo. Hakuna aibu katika kusoma. Zamani, kwenye ukumbi mwingine, nilisimama bila kuandika, nikazungumza karibu dakika tatu, mwenyekiti akaniomba nifike kwenye swali. Nilikuwa nalo, lakini lilikuwa limeshapotea njiani.

Mada nyingine ambazo mtu wa kwetu anaweza kuziingiza kwa haki: ndege za kupeleka wanafunzi Marekani alizoandaa Tom Mboya wa Kenya kuanzia 1959, ambazo mwaka 1960 zilipata fedha za familia ya Kennedy wakati John F. Kennedy akigombea urais. Ziara ya Malcolm X, mtetezi wa haki za Wamarekani weusi, Zanzibar, Dar es Salaam na Nairobi mwezi Oktoba 1964, wiki chache kabla hajazungumza hapohapo Oxford tarehe 3 Desemba. Mabomu ya balozi za Marekani za Nairobi na Dar tarehe 7 Agosti 1998. Mpango wa Marekani wa dawa za UKIMWI ulioanza 2003, ambao umegusa karibu kila ukoo wetu.

Kama hauko Oxford

Baadhi ya mihadhara hupatikana mtandaoni, na taasisi ina podikasti. Lakini angalia pia mjini kwako. Berlin kuna Taasisi ya John F. Kennedy ya Freie Universität, tangu 1963. Heidelberg kuna kituo cha masomo ya Marekani chenye mfululizo wa mihadhara ya wazi, Dublin kuna Taasisi ya Clinton, Johannesburg kuna kituo cha Chuo Kikuu cha Witwatersrand kinachoitazama Marekani kutoka Afrika. Ujerumani zingatia alama mbili kwenye tangazo: "18 c.t." maana yake mhadhara unaanza saa kumi na mbili na robo jioni, "18 s.t." maana yake ni saa kumi na mbili kamili. Na mwishoni usishangae watu wakigonga meza kwa vifundo vya vidole. Ndiyo makofi yao.

Hatua ya 8: Baada ya maswali

Usikimbie. Mara nyingi kuna viburudisho, divai na maji ya matunda, na ndipo mazungumzo ya kweli yanapoanza. Msogelee mzungumzaji, taja swali lako au jambo moja alilosema, usimshike muda mrefu. Mwanafunzi anayetafuta msimamizi wa utafiti, hapo ndipo pa kuuliza nani amwandikie.

Kama mada imekuvutia, ulizia kadi ya Bodleian ili utumie maktaba ile. Hata asiye wa chuo anaweza kuomba. Beba kitambulisho na ueleze unatafuta nini hasa.

Kisha, ndani ya siku mbili, mwandikie mzungumzaji barua pepe ya mistari mitano. Mimi baada ya lile swali la merikani niliandika, bila kutegemea jibu. Alijibu asubuhi ya pili. Kuhusu viwanda alinitajia barua za wafanyabiashara wa Salem nikazitafute, halafu akaniuliza yeye: hilo neno bado linatumika? Nikampigia mama Tanga. Akacheka, akasema ngoja, akaenda chumbani, akarudi na kunisomea kikaratasi cha duka kilichokuwa bado kimebanwa kwa pini: merikani, mita nne, za foronya.